Chai ya Severine

Shizuoka, Japani
14 Mei 2000

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, kisha Baba na Mama, kisha wote wa kigango cha Nangwa wanaoniulizia. Mimi mzima, ila vidole vimekauka kwa dawa za maabara. Wewe je? Goti limepoa? Mvua imewatendea haki mwaka huu, au maharage yamebaki mafupi?

Uliniuliza kwa nini Wajapani wananilipia masomo ya majani ya chai. Ngoja nikueleze. Chai ya huku ni mmea uleule wa kwetu, ila majani yakishachumwa yanapitishwa kwenye mvuke papo hapo, hayageuki meusi. Yanabaki ya kijani na makali ulimini. Ule ukali unatokana na vitu vinavyoitwa katekini. Kazi yangu ni kuvitoa kwenye majani na kuvijaribu kwenye seli za kansa ya matiti. Tunazifuga seli hizo kwenye visahani, tunazilisha na kuziweka kwenye joto kama vifaranga.

Juzi niliziwekea katekini. Asubuhi nikachungulia kwenye hadubini, Shangazi, zimekufa! Nilipiga kelele mpaka Profesa akaja mbio. Binti wa Nangwa ameua kansa!

Nimekuwekea pakiti moja ya chai hiyo uonje. Usitie maziwa.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Severine


Nangwa, S.L.P. Katesh
25 Juni 2000

Mwanangu Severine,

Marahaba. Huku hatujambo. Goti ni lilelile, limenizoea nami nimelizoea. Maharage yametoka vizuri, ngano si sana.

Chai tumeipata. Inanuka majani ya ng'ombe yaliyolowekwa. Baba yako alisema ni tamu, halafu nikamwona anamwaga nusu kikombe nyuma ya zizi. Lakini Jumapili wakati wa matangazo alisimama akasema binti yake amegundua dawa ya kansa ya matiti huko Japani. Kanisa zima lilipiga makofi. Mama yako Doris alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

Nina swali dogo. Huko mtu mzima anakunywa vikombe vingapi kwa siku? Na hiyo pakiti inaisha wiki hii. Kama si kukusumbua, nitumie nyingine, iwe kubwa.

Shangazi yako,
Efrazia


Shizuoka
20 Julai 2000

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Wewe wa chai ya maziwa na sukari vijiko vitatu, leo unataka majani matupu!

Wazee wa hapa wanakunywa vikombe vinane, hata kumi kwa siku. Nimekutumia makopo mawili makubwa, na yakiisha niambie. Nafurahi kwamba kitu ninachokihangaikia huku nawe unakishika mkononi huko.

Binti yako,
Severine


Nangwa
3 Februari 2001

Mwanangu Severine,

Nakusalimu. Sina habari za mvua leo. Nitakuambia jambo moja tu.

Mwaka jana mwezi wa nne, nikioga, nilishika kitu kwenye titi la kushoto. Kilikuwa kama punje ya harage. Hakikuuma. Sikumwambia mtu. Halafu barua yako ikafika, nikausoma mstari ule mara nyingi sana: zimekufa. Nikasema Mungu alimtanguliza mtoto Japani kwa ajili yangu.

Nimekunywa vikombe kumi kila siku, mwanangu. Kabla ya kukamua, nikitoka shambani, nikila, nikilala. Sijaruka siku hata moja. Sasa ile punje ni kubwa kama yai la kuku, ngozi imevutwa kwa ndani na chuchu imegeuka upande.

Niambie nilikosea wapi. Nilichemsha maji kupita kiasi? Au ilikuwa ya kupaka?

Baba yako nimemwambia mwezi uliopita. Amesema niongeze vikombe. Anasema nikienda kukatwa, watu watauliza ile dawa ya binti yake iko wapi, na itakuwa aibu kwako. Nimenyamaza mpaka leo. Lakini jana nilipovaa nguo uvimbe ulionekana kwa nje, na nikasikia hasira ambayo sijawahi kuisikia maishani mwangu. Sijui ni hasira ya nani. Nijibu upesi.

Shangazi yako,
Efrazia


Shizuoka
16 Februari 2001

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii naituma kwa njia ya haraka kuliko zote. Nimeisoma yako nimesimama mlangoni na koti sijavua.

Hukukosea popote. Niliyekosea ni mimi.

Zile seli zilikuwa kwenye kisahani. Nilizimiminia katekini tupu kwa mkono wangu, nyingi kuliko zinavyoweza kufika kwenye titi la mtu anayekunywa kwa kikombe. Ukinywa, tumbo linavunja, ini linachukua lake, na nyingine unazikojoa. Kinachofika ni kidogo mno. Kwenye kisahani hata sabuni ingeziua. Yote hayo nilikuwa nayajua wakati nakuandikia. Sikuyaandika kwa sababu nilikuwa najisifu.

Wapo waliowachunguza wanawake walioinywa chai hii maisha yao yote, waone kama kansa inawapata kidogo kuliko wengine. Majibu yao hayakubaliani. Ndiyo maana bado tunasoma. Lakini mwanamke mwenye uvimbe hapa Japani haambiwi anywe chai. Anapelekwa kwa daktari wa upasuaji.

Nenda hospitali ya Haydom. Usisubiri mavuno. Usimsubiri Baba. Aibu yangu ni kubwa, lakini ni yangu, usiibebe wewe kifuani. Nenda, Shangazi, nakusihi, nenda kesho.

Severine


Haydom, wodi ya wanawake
4 Aprili 2001

Mwanangu Severine,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto bado haujainuka. Titi limeondolewa, na matezi ya kwapani. Niko hai na nina njaa.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimsomea baba yako kwa sauti, mstari kwa mstari. Akasema, "Mtoto ameandika kwa hofu. Tuite kikao cha ukoo Jumamosi."

Nikamwambia, "Kikao kikae. Mimi Jumamosi nitakuwa nimelala Haydom."

Jumatano nikapanda basi. Walinichukua kipande cha uvimbe, wakanipima damu. Damu ilikuwa pungufu. Daktari akauliza ninakunywa nini na chakula. Nilipomtajia vikombe kumi aliweka kalamu chini. Akasema chai nyingi namna hiyo, ukiinywa na chakula, inauzuia mwili kuchukua madini ya kutengeneza damu. Basi wakaniweka wiki mbili nikila maini na mboga na vidonge mpaka damu ikapanda. Fikiria hilo, Severine. Dawa yenyewe ilinichelewesha kupata dawa.

Siku moja kabla ya kisu baba yako akatokea na wazee wawili wa ukoo. Kavaa koti la kanisani. Muuguzi alikuwa ameleta karatasi ya kuweka sahihi.

Kaka yangu Yonas akauliza, "Nani amelikubali jambo hili?"

"Mimi."

"Na ukifia mezani?"

"Nitakuwa nimekufa nikipambana na uvimbe. Nikibaki Nangwa nitakufa nikikulindia makofi uliyopigiwa kanisani."

Wale wazee wakatazama ukutani. Muuguzi akauliza kwa upole kama kaka angependa kusaini pamoja nami. Nikasema, "Titi ni langu, na jina langu najua kuliandika." Nikaliandika lote, hadi la ubatizo.

Baba yako alitoka nje. Nilidhani ameondoka. Nilipozinduka baada ya upasuaji alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, koti amelikunja magotini, anafukuza nzi.

Shangazi yako,
Efrazia


Shizuoka
30 Aprili 2001

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole. Nimemshukuru Mungu, halafu nimeshindwa kula.

Umepoteza miezi saba kwa ajili ya mstari mmoja nilioandika kwa majivuno. Nikiingia maabara siwezi kuvishika vile visahani. Nimeandika barua ya kuacha masomo, iko mezani. Nitarudi nifundishe kemia sekondari, hata hapo Katesh. Huko angalau sitamuua mtu.

Severine


Nangwa
3 Juni 2001

Severine,

Ichane hiyo barua.

Nasema ichane kabla hujaendelea kusoma hii. Umeichana? Sasa salamu: hatujambo, mkono unainuka mpaka usawa wa bega, nameza kila siku vidonge walivyonipa Haydom.

Wewe hukuniwekea uvimbe. Uliandika neno moja la kitoto na mimi mtu mzima nikajificha nyuma yake, kwa sababu kunywa chai ni rahisi kuliko kuvua blauzi mbele ya daktari. Wote wawili tumekosea. Mimi nimelipa yangu kwa titi. Wewe utalipa kwa kukaa hapo.

Nataka kujua, na nina haki ya kujua: kikombe kimoja kikinywewa, kinachofika kwenye titi ni kiasi gani? Uliniandikia ni kidogo mno. Kidogo mno ni kiasi gani? Kama hakuna anayejua, pima wewe. Na kama ndani ya majani hayo kuna kitu cha kweli, kitoe mkiweke mahali kinapoweza kufanya kazi. Kama hakuna, semeni hakuna. Mimi si mtu wa kunyweshwa majani miezi saba halafu aliyenipa akimbie kwenda kufundisha kemia Katesh.

Sitaki kusikia tena habari za kurudi.

Shangazi yako,
Efrazia


Nangwa, Mkoa wa Manyara
22 Septemba 2002

Mwanangu Severine,

Marahaba. Kama unavyoona hapo juu, sasa hivi sisi si Arusha tena, ni Manyara. Sijaona tofauti, ila baba yako akiwa na shida ya mkoa anaishia Babati. Nafurahi vipimo vyako vinaendelea, na mkojo wa wanafunzi wenzako unakutosha. Usicheke, wewe ndiye uliyeniandikia.

Mwezi uliopita alikuja hapa mke wa Gidamis wa Balangdalalu, mama wa Kibarabaigi, mpole, Kiswahili chake kidogo kuliko changu. Akanitolea pakiti ndani ya vazi lake la ngozi. Imeandikwa CHAI YA SEVERINE, DAWA YA MATITI. Alikuwa ameinywa tangu Pasaka. Akafungua kifua. Kilikuwa kidonda, mwanangu. Nilimpeleka Haydom siku ya pili yake. Daktari alisema ugonjwa umeshafika kwenye mapafu. Alikufa baada ya wiki tatu, na mtoto wake wa mwisho bado hajaanza shule.

Nikauliza chai hiyo inatoka wapi. Nikaambiwa inauzwa mnadani na mtu anaitwa Patriki, mgeni, ana spika na betri ya gari. Jina lako alilipata kwa watu waliomsikia baba yako kanisani.

Nikaenda. Yonas akasema tuende wote. Tulimkuta anapiga kelele: "Binti yenu mwenyewe, daktari wa Japani!" Nilizipasua pakiti, nikanusa. Hata si chai ya kijani, ni majani tu ya ajabu.

Nikamwambia, "Severine ni mtoto wa kaka yangu. Zima hiyo spika."

Akacheka. "Mama, siku hizi biashara huria. Asiyetaka asinunue."

"Mimi niliinywa ile halisi, imetoka Japani. Unajua ilinifanya nini?"

"Ilikuponya, ndiyo maana umesimama hapa."

Basi nilifungua vifungo vya blauzi, upande wa kushoto. Wanaume walitazama chini. Wanawake walisogea karibu. Patriki akasema, "Mama, unajivunjia heshima." Nikamjibu, "Kilichobaki Haydom ni titi. Heshima nilirudi nayo."

Nikawaambia wanawake: uvimbe wangu ulikuwa punje, nikaunywesha chai, ukawa yai. Aliyeuondoa ni daktari. Mke wa Gidamis alinywa hii hapa na amezikwa. Aliye na kitu kifuani asinunue kwa mtu huyu wala asinifuate mimi kuomba majani. Anifuate kwenye basi la Haydom.

Ndipo baba yako akasogea. Unajua asivyopenda kusema mbele za watu kitu kisichomsifu. Akasema, "Jina hili nililitangaza mimi kanisani. Nilitangaza uongo. Binti yangu hajagundua dawa, anatafuta." Akaiinamia meza ya Patriki akaipindua na pakiti zake zote. Mgambo alikuja akauliza nani amepindua, na watu zaidi ya hamsini wakasema hawakuona. Patriki hajaonekana tena.

Jumatatu tulipanda basi wanawake kumi na wanne.

Shangazi yako,
Efrazia


Shizuoka
17 Oktoba 2002

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako maabara, nikaomba ruhusa nikatoka nje nikatembea saa nzima. Mke wa Gidamis sikumjua, na jina langu lilikuwa kwenye pakiti yake. Nimemweleza Profesa wangu yote. Akaniambia niandike ndani ya tasnifu yangu, mwanzoni kabisa, kitu ambacho kazi hii haijathibitisha.

Uliuliza kiasi gani. Nimepima damu ya watu kumi na wawili baada ya kikombe kimoja. Kinachoonekana ni kidogo sana: ili seli zife kama zilivyokufa siku ile, ingehitajika mara mia kadhaa zaidi. Na saa chache baadaye kimeshatoweka. Hilo ndilo jibu, nimelipata kwa sababu uliniamuru. Halimaanishi kwamba majani hayana kitu. Tunajaribu kukibadilisha kidogo kidumu mwilini, na wengine wanakijaribu pamoja na dawa za hospitali. Inaweza kuchukua miaka ishirini. Inaweza isitokee kamwe. Sasa naweza kuliandika hilo bila kuona haya.

Mama ameniandikia kwamba mgongo unakusumbua na unaficha. Shangazi, usifiche tena.

Binti yako,
Severine


Haydom
9 Machi 2003

Mwanangu Severine,

Marahaba. Sijaficha. Nilikwenda mwenyewe. Picha imeonyesha ugonjwa umeingia kwenye uti wa mgongo. Daktari amesema hauondolewi kwa kisu. Wamenibadilishia vidonge na kunipa vya maumivu, na wanasema vinaweza kunipa muda. Nimemuuliza muda gani, akasema hajui. Nimempenda kwa jibu hilo.

Najua unachofikiria sasa, kwamba ni ile miezi saba. Inawezekana. Inawezekana pia ulikuwa umeshaondoka kwenye titi kabla ya barua yako. Nilimuuliza daktari na hilo, akasema hakuna anayeweza kulijua. Basi wewe usijifanye unajua kuliko yeye.

Nina habari nyingine. Safari ya nne ya basi mama yako alikuja kwa kunisindikiza tu, kunishikia mkoba. Nikamwambia, "Doris, umeshafika, pimwa." Akakataa, nikakaa sakafuni pale kwenye foleni nikasema siondoki. Akapimwa. Walikuta kauvimbe kadogo kama punje ya mtama. Kameondolewa kote mwezi uliopita, na kwapani kuko safi. Aliniomba nisikuandikie mpaka apone. Amepona, kwa hiyo nimekuandikia.

Usije. Kwanza maliza. Hukunisomea miaka yote hiyo uje kuuacha mtihani ukiwa umefika mlangoni kwa sababu ya mgongo wa mwanamke mmoja. Na ukimaliza usije kuniuguza, sitaki mtu mwenye digrii ya udaktari anigeuze kitandani kama gunia.

Shangazi yako,
Efrazia


Arusha, stendi
9 Septemba 2003

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta wa basi la Katesh asubuhi hii, aifikishe kabla yangu. Mimi nakuja na basi la Ijumaa, nikishamaliza shughuli ya vyeti.

Uliniambia nimalize. Nimemaliza, tarehe saba mwezi uliopita. Watahini walikuwa watano. Wa mwisho, mzee mwenye miwani, akauliza, "Kwa hiyo mtu akikuuliza, chai hii inatibu kansa ya matiti, utamjibuje?" Nikamjibu, "Nitamwambia hapana, bado, na nitampandisha basi la hospitali." Hawakuelewa habari ya basi, nikawaeleza. Nikawasimulia habari zako na za mke wa Gidamis, kwa Kijapani changu kibovu, na hakuna aliyetazama saa.

Uliniambia pia nisije kukuuguza. Hilo sikubali. Nimelipokea kila agizo lako kwa miaka mitatu, hili nalikataa. Nitakugeuza kitandani ukitaka usitake, na ukinitukana nitakusikiliza huku nakugeuza. Sikuomba ruhusa, nakutaarifu.

Binti yako,
Dk. Severine


Nangwa
10 Septemba 2003

Severine,

Marahaba, Daktari. Kondakta amefikisha. Nampa jibu hili akirudi kesho alfajiri.

Usipitilize mpaka Katesh. Mwambie dereva akushushe Nangwa, njia panda. Mama yako anapika tangu leo. Baba yako anataka kuniletea kiti kule barabarani eti nisichoke. Nimemwambia akikalie yeye.

Mimi nitakuwa nimesimama.

Shangazi yako,
Efrazia